Kwa Baba Mutheu, Aliyemjibu Kila Aliyeita

Baba Mutheu, huko uliko kuna mtu wa kukuambia upumzike?

Mwaka umezunguka tangu Jumapili ile ya Juni 2004 ulipotutoka hapa Kitengela, Joram Kyule, mume wangu kwa miaka thelathini na minane. Nimevumilia. Lakini kuna neno moja nilitaka kukuambia tangu siku ulipoleta hiyo redio, na ulienda bila kulisikia.

Haikuwa redio ya nyimbo. Ilikuwa ya kuongea na watu wa mbali, hata wa Japani, na ulirudia mtihani wa leseni mara mbili ndio ukapita. Kabla ya kuiwasha ulivaa shati safi, ukapanguza maiki na kitambaa, kama watu wanakuona. Waya wake ulitoka dirishani mpaka kwa mlingoti nyuma ya choo. Mimi nikaona kamba nzuri, nikaanika blanketi. Ulitoka ukicheka: "Mama Mutheu, umewaanikia Wajapani blanketi! Leo watasikia sabuni tu."

Hukulipwa kitu. Mvua kubwa ya 1997 ilipokata barabara na simu, ulikaa kwa kiti cha redio siku nne. Rafiki yako Isaac, mwenye redio kama yako, akakuita kutoka Illasit: ameletewa mama wa Rombo anashindwa kujifungua. Ukampata mwenzenu wa Nairobi, naye akaketisha daktari kwa maiki yake. Daktari akisema, wewe unarudia polepole, Isaac anamwambia mkunga. Kulipokucha mtoto akalia, nikamsikia nikiwa jikoni. Wakamwita Naeku. Wewe ukapanguza macho ukasema ni vumbi, na mvua inanyesha!

Baada ya hiyo, ningekuambia nini? Watu walikuhitaji. Nilifunika chakula chako na sahani, nikarudi jikoni. Miaka ikaenda hivyo.

Jumapili ile nilikuja kukuita uje kula muthokoi wa mahindi na maharagwe. Ulikuwa umelaza kichwa mezani. Isaac alikuwa anaita, "Joram, uko hapo? Joram, nijibu." Nikakugusa bega. Sikujua nifinye wapi nimjibu. Ulikuwa umeniambia asiye na leseni asiguse, na mimi nilitii hata siku hiyo. Akaita mpaka akachoka. Hiyo sauti bado inanichoma.

Jumamosi iliyopita tulikaa kwa hicho chumba chako kukukumbuka: mimi, watoto wako Mutheu na Mbuvi, wajukuu wako Evalyne na Ngui, na Naeku, ambaye sasa ana mapengo mawili ya meno. Hakuna siku jina lako halitajwi kwa hii nyumba, na tukiwa hai halitaacha kutajwa.

Isaac alisafiri kutoka Illasit. Aliwasha redio yako, akaomba wenzenu wote wanyamaze dakika moja, na kweli walinyamaza, hata wale wa nchi za ng'ambo. Halafu akanisogezea maiki.

"Shemeji, leseni niko nayo, na nimekaa hapa. Ongea."

"Niongee nini, na Kiingereza yangu ni ya darasa la nne?"

"Ongea na Joram. Kiingereza ya nini?"

Mutheu alinishika mkono. Nikasema, "Baba Mutheu, nilitaka uizime jioni moja tu, ukae na mimi."