Miaka Miwili Aliyoniongezea Baba

Jumamosi, Julai. Sumbawanga ni upepo baridi tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado nimejikunyata.

Nimekokotoa tena pointi zangu za kuhamia Kanada, mara ya nne wiki hii. Shahada ya uuguzi ipo, miaka ya kazi ipo, Kiingereza kinajikongoja. Kinachoniangusha ni umri. Wenzetu kule ukishafika thelathini wanaanza kukukata pointi kila mwaka, na mimi Alhamisi ijayo natimiza thelathini na mbili.

Kwenye karatasi.

Ukweli ni kwamba natimiza thelathini. Enzi zetu kule Mpui, ili uandikishwe darasa la kwanza ulipitisha mkono juu ya kichwa; ukigusa sikio la upande wa pili, umekua. Mimi sikugusa. Nilikuwa na miaka mitano. Baba akamwapia mwalimu mkuu kwamba nina saba, ila ni mfupi kama mama yangu. Mwalimu akaandika. Cheti cha kuzaliwa kilipokuja kutafutwa baadaye, kikafuata tarehe ya shule. Tarehe ya kweli iko parokiani tu, kwenye kitabu cha ubatizo.

Jana nilikwenda Mpui kumwomba baba twende tukaape mahakamani, umri urekebishwe. Akakubali palepale, akaanza hata kutafuta viatu. Mimi ndiye niliyeanza kuhesabu vyeti: la saba, kidato cha nne, cha sita, chuo, leseni, pasipoti. Nikibadili mwaka kwenye kimoja, vingine vyote vitaonekana vya kughushi, na ombi langu litaishia hapo.

Nikapasuka. Nikamwambia baba yangu mzazi, "Umeniharibia maisha."

Akasema, "Mama yako alikuwa anaumwa mwaka ule. Ungebaki nyumbani ungelea mdogo wako, na shule ungeisikia tu." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikula. Nikapanda gari nikarudi mjini.

Nimechoka, jamani. Leo nimejiandikisha kurudia mtihani wa Kiingereza, maana pointi za lugha ndizo pekee ninazoweza kuziongeza kwa jasho langu. Penye tarehe ya kuzaliwa nimejaza ile aliyoiapia baba, huku nalia.

Simu ninayo mkononi. Nitasema shikamoo, ataitikia marahaba.

Halafu niseme nini?