Kurasa Elfu Tisa za Mtaro

Jumanne, 2 Septemba

Kurasa arobaini leo, kisha macho yakagoma. Machozi matupu. Mwanga wa simu unachoma kama wa fundi wa kulehemu. Daktari aliyenitoa mtoto wa jicho alinionya: simu kidogo, kompyuta kidogo. Nilimtii siku tisa.

Flash ya ofisi ya maji ina picha za kurasa elfu tisa na ushei. Ni madaftari yote ya mradi wetu wa maji hapa Kibirichia, tangu siku ya kwanza ya kuchimba mtaro, karibu miaka arobaini iliyopita. Mwaka jana wanafunzi wa chuo kikuu waliopanga vyumba Nchiru waliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa ajili ya masomo yao. Bahati yetu. Miezi miwili baadaye mchwa waliingia ofisini wakala madaftari yenyewe, wakatuachia majalada.

Mimi ndiye katibu. Tarehe ishirini ni mkutano mkuu. Bomba jipya linakuja, na Mwenyekiti Gitonga ameamua: ataunganishwa mwenye kadi ya zamani ya uanachama, au mwenye jina kwenye daftari la mtaro. Jirani yangu Mama Kendi, mjane, hana kadi. Iliungua pamoja na jiko lake. Jina lake la kitambulisho, Tabitha Karambu, halijaonekana popote. Gitonga anasema yule alipewa maji kwa huruma tu. Mwenyewe anasema alichimba kwa mikono yake. Namwamini. Asipounganishwa, atakuwa akiteremka mtoni na magoti yale yake.

Alhamisi, 4 Septemba

Karimi, binti yetu, muuguzi kule Embu, amepiga simu. Mama yake alikuwa ameshanishtaki.

"Baba, hiyo simu itakumaliza macho. Tafuta e-reader. Hiyo haina ule mwangaza, ni kama karatasi tu."

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili. Nitaiita kisomeo.

Nimeuliza huku na huku. Kumbe vipo. Unasoma juani bila shida, na chaji inakaa wiki mbili tatu, jambo kubwa kwetu ambako stima hupotea bila kuaga. Vipya vikubwa bei yake ni mtamba mzima. Vidogo vya mkono wa pili vinafikika. Nitachukua kidogo. Kusoma ni kusoma.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimenunua! Kutoka kwa mwanafunzi pale Nchiru. Bei ya magunia matatu ya viazi, na hapo nilimpunguzisha. Kinaenea kwenye mfuko wa koti. Anasema kinabeba vitabu maelfu. Sikuuliza ni vitabu gani.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Jumapili, 7 Septemba

Mimi ni mjinga.

Baada ya kanisa niliazima kompyuta ya jirani mwingine, nikahamisha faili. Saa nzima. Faili ya kwanza ilikigandisha kisomeo mara mbili. Ilipofunguka, ukurasa wote wa daftari kubwa la karani ulikuwa umebanwa kwenye kioo cha kiganja. Maandishi kama sisimizi. Nikikuza, naona neno moja. Nikisogeza, kinafikiri, kinafikiri, ndipo kinasogea. Dakika nne kwa ukurasa mmoja. Nimepiga hesabu. Nitamaliza mwakani.

Mama Karimi alikiangalia, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. "Baba Karimi, umenunua kioo cha kunyolea ndevu." Akacheka hadi akakaa chini. Sijaongea naye tangu mchana.

Jumanne, 9 Septemba

Gitonga amekuja ofisini. Alikuwa mpole, ndiyo maana nilikasirika zaidi. "Mwalimu, wacha kujisumbua na huyo mama. Record ni record. Kama hayuko, hayuko."

Nikainama kupanga risiti. Ningefungua mdomo ningetukana.

Nimekaa nikajisahihisha kama ninavyosahihisha insha. Kosa langu lilikuwa kuuliza bei kwanza. Kile kidogo kimetengenezewa hadithi, maneno yake hujipanga upya yatoshee kioo. Picha ya ukurasa haijipangi, inakuja jinsi ilivyo. Kwa hivyo nataka kioo kipana, karibu upana wa daftari la shule. Nataka mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu, maana faili zangu ni nzito. Nataka kiweze kukata zile kingo nyeupe za ukurasa. Urembo sitaki. Rangi sitaki. Kalamu sitaki.

Na sitanunua tena kitu ambacho hakijafungua ukurasa wangu mbele ya macho yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Embu. Nimeshinda! Naandika hapa kwa Karimi, chai imepoa, sijali.

Duka ni la vifaa vya mkono wa pili, nyuma ya soko. Karimi ndiye aliyenipeleka. Muuzaji ni kijana mwenye maneno mengi. Nilitoa kadi yangu, ndani yake ukurasa mmoja tu: ule mbaya kuliko zote, uliomwagikiwa chai na karani. Nikamwambia kila kifaa kifanye mtihani huu.

Cha kwanza kiliganda. Akasema ni kadi yangu mbaya. Nikamwambia achomeke kwenye cha pili. Cha pili kilifungua vizuri mno, kipya, cheusi, kinang'aa. Akataja bei nikashika meza. Kisha nikaona kingine chini ya rundo la simu. Kipana. Kimekwaruzwa pembeni, kalamu yake imepotea, kitufe cha kurudi nyuma kimekufa. Akasita kukitoa. "Hiyo mzee si poa, hiyo ni ya kuvumilia."

Akachomeka kadi. Ukurasa ukajaa kioo. Nikasoma "hatua kumi na mbili" juu ya doa la chai bila kukunja uso. Nikatoka nacho nje, juani. Bado nasoma.

Tulivutana hadi Karimi akatoka kwenda kununua maji. Nilimpa muuzaji kile kisomeo changu kidogo, nikaongeza bei ya magunia manne. Akakubali akitikisa kichwa. "Wee mzee ni mgumu. Sijawahi ona customer anabeba exam."

Karimi amenigawia faili mwaka kwa mwaka na kukata kingo zote. Sasa hazigandi.

Jumamosi, 13 Septemba

Kurasa mia tisa tangu jana. Nakaa kwenye kigoda nje ya ghala la viazi, jua mgongoni. Hakuna chozi hata moja.

Karani wa mtaro alikuwa na mwandiko mzuri. Kila siku ya kazi ameandika jina, namba ya kipande cha mtaro, hatua zilizochimbwa, na pembeni maelezo. Kila nyumba ilipewa kipande chake ikakimaliza yenyewe. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo, sikushika jembe. Nasoma kama mgeni kijijini kwangu mwenyewe.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemaliza madaftari yote ya mtaro; yaliyobaki ni ya miaka ya baadaye. Nikarudia yote. Hakuna Tabitha. Hakuna Karambu. Hakuna Mama Kendi. Mumewe Stanley hayumo pia, alikuwa ameajiriwa mbali kwenye mashamba ya majani chai.

Kisomeo hakina kosa. Macho hayana kosa.

Leo mchana nilifikiri kwamba labda mama huyu ametudanganya. Kisha akapita njiani akanisalimia, akauliza macho yangu yanaendeleaje. Niliona aibu. Sikuweza kumtazama.

Jumatano, 17 Septemba



Mama Karimi alikuwa akimenya viazi vya kupondea mukimo. Mimi nilikuwa nikisoma kwa sauti kwa hasira tu, jina baada ya jina, kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Mama Gitonga, kipande 32, hatua kumi. Mama Mwenda, kipande 31, hatua tisa. Akasimamisha kisu.

"Rudia huyo."

Nikarudia. Akauliza hapa kwetu ni nani ana Mwenda. Nikafikiri. Hakuna mtu. Akaweka kisu chini.

"Ni Mama Kendi. Kabla ya Kendi kulikuwa na kijana, Mwenda. Alikufa mdogo. Mimi niliolewa nikakuta wanawake wameshaacha kumwita hivyo, wasimtoneshe kidonda."

Nimetazama kurasa upya. Wanaume karani aliwaandika majina yao. Wanawake aliwaandika kama walivyoitwa siku hiyo, kila mmoja kwa kifungua mimba wake. Yeye hakuwa Mama Kendi wakati huo. Kendi hakuwa amezaliwa! Nimemwita mke wangu Mama Karimi kwa miaka thelathini na minne, na bado nilikuwa natafuta jina la kitambulisho. Mwalimu mzima.

Nimehesabu siku. Thelathini na nane. Kuna wanaume kwenye kamati ambao hawakufika kumi.

Alhamisi, 18 Septemba

Kwanza kwa Mama Kendi. Nilimwomba ruhusa ya kulitaja jina mbele ya watu. Akasema hakujua karani aliandika nini, yeye hajui kusoma. Akasema, "Taja, Mwalimu."

Kisha kwa jirani yake wa mtaro, kipande 32. Mama Gitonga. Ndiye huyo huyo, mama mzazi wa mwenyekiti. Haji mikutanoni siku hizi. Nilimuuliza kama anamkumbuka aliyechimba karibu naye. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mumewe. Anakumbuka hata jembe la mwenzake. Nikamuuliza mbona hajawahi kusema.

"Nani ameniuliza?"

Nimemwomba aje Jumamosi. Amesema nimletee mtu wa kumshika mkono, kilima ni kikali.

Jumamosi, 20 Septemba

Ushindi! Naandika kwa herufi kubwa moyoni.

Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi nje. Gitonga alisoma majina ya walio sawa, kisha akafunga karatasi. "Tabitha Karambu, kadi hana, kwa register hayuko. Sisi si watu wabaya, lakini sheria ni sheria."

Nikasimama na kisomeo. Watu wakacheka kidogo, kioo kimekwaruzwa na kinafanana na kibao cha kukatia nyama. Nikaanza kusoma. Kipande 30, fulani. Kipande 31, Mama Mwenda, hatua tisa. Kipande 32, Mama Gitonga, hatua kumi. Tarehe baada ya tarehe. Wazee wakaanza kuguna. Wanawake walio zaidi ya miaka sitini waligeuka wote kumtazama Mama Kendi, na hapo nilijua kwamba wanajua.

Gitonga akauliza Mama Mwenda ni nani. "Mwalimu, hiyo jina yaweza kuwa ya mtu yeyote."

Ndipo mama yake akasimama nyuma. Fimbo mkono mmoja, mke wangu mkono wa pili. Hakupaza sauti.

"Gitonga. Mama Mwenda ni huyu Tabitha. Alichimba pale kando yangu mpaka mtaro ukafika kwake. Wewe ulikuwa umekaa kwa majani unakula viazi vyetu. Ukimkatia yeye maji, anza na mimi."

Sijawahi kusikia ukumbi ule ukipiga kelele vile. Watu walipiga makofi, wengine walipiga viti. Gitonga alitazama chini, akatazama juu, akasema iandikwe. Nimeandika mimi mwenyewe, kwa wino mweusi: Tabitha Karambu, Mama Mwenda, Mama Kendi, kipande 31, ataunganishwa. Nikaongeza siku thelathini na nane ingawa hakuna aliyeniuliza. Haki yake.

Jioni Gitonga alinipa mkono. Si mtu mbaya. Aliuliza kama naweza kumwonyesha hatua za mama yake. Nikamwonyesha. Alisoma taratibu, akihesabu kwa vidole. Mama Karimi amepika kuku. Nimekula vipande vitatu na sijutii.

Jumanne, 23 Septemba

Mama Kendi alikuja asubuhi, kabla sijamaliza chai. Nilidhani ni kuhusu mafundi, watafika kwake wiki ijayo. Hakuuliza mafundi.

Aliuliza kama karani aliandika kitu chochote kuhusu mtoto.

Sikujua. Safu ya maelezo nilikuwa nikiiruka, haikuwa na hatua. Tukakaa mezani, nikatafuta. Ipo. Nikamsomea. Mama Mwenda, hatua tisa, ana mtoto mgongoni. Mama Mwenda, hatua sita, mtoto analia. Mama Mwenda, hatua kumi, mtoto amelala kwenye majani. Kisha: hakuja, mtoto anakohoa. Hakuja. Hakuja, matanga. Kisha siku tano za wengine. Kisha: Mama Mwenda, hatua kumi na moja. Pembeni karani hakuandika kitu.

Aliniambia hakuna picha ya Mwenda. Cheti hakuna, alizaliwa nyumbani. Mumewe alikuwa mbali, alimwona mara moja tu. Hakuna mahali pengine jina lile limeandikwa.

Aliomba nirudie ile ya kulala kwenye majani. Nikarudia. Akauliza ni maneno yapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole, akaweka chake pale pale.

Kisomeo hiki hakifuti ukurasa hata ukikiacha. Nikamwachia mezani, nikaenda kulisha ng'ombe.