Shemeji, Nimemwona Mama kwa Mbali

Mnyambe,
S.L.P. 27,
Newala.
17 Novemba, 1996.

Mpendwa shemeji yangu Christopher,

Bwana Yesu asifiwe. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na Lois na mtoto, na kwamba baridi ya Arusha haijawashinda. Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Dada yako Josephina hajambo, ila mgongo unamsumbua kwa kuchota maji bondeni, maana bomba la kijiji limekauka tena. Oliva na wadogo zake wazima, wanakuamkia, shikamoo mjomba. Habari za Mama nitazieleza huko mbele. Nakuomba usiruke mistari kuzitafuta. Soma kwa utaratibu, maana bila mwanzo wake hutanielewa, na huenda ukanihukumu vibaya.

Korosho msimu huu zimezaa. Wanunuzi binafsi wamejaa hadi Kitangari, kila mmoja na mizani yake, na watu wanabishana nao mchana kutwa. Kwangu mimi ni heri, kwa sababu mtu akishauza anataka picha. Juzi mmoja alikuja na redio mpya, akataka niipige redio peke yake kwanza, ndipo wapigwe pamoja. Nikamwambia redio haitabasamu. Akanijibu, "We piga tu fundi, itaimba."

Mzigo wako ulifika salama. Kamera ya yule mgeni wako Mjerumani, lenzi yake ndefu ya kuvuta, na kile kidude cha duara kilichoandikwa 2X ambacho uliniambia kinaitwa konvata. Uliuliza kazi yake ni nini, maana mgeni alikupa tu akapanda ndege. Kinavalishwa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ile ukiivuta hadi mwisho inamleta mtu aliye upande wa pili wa shamba. Ukiongeza konvata, inamleta mara mbili zaidi, unabaki na uso wake tu. Hapa kijijini wamenicheka sana. Nikipita nayo wanapiga kelele, "Baba Oliva, hiyo bunduki ina kibali?"

Lakini shemeji, kitu hicho kina gharama yake, na mimi niliijua kwa aibu. Siku ya kipaimara, padre hataki mpiga picha asogee karibu na madhabahu, kwa hiyo nilisimama mlangoni na konvata yangu, nikajiona bingwa. Betri ya kipima mwanga ilishakufa, na hapa Newala haipatikani, hivyo nilikisia mwanga kwa macho kama marehemu baba alivyonifundisha. Filamu nzima ikatoka giza. Watoto wa watu kama wamepigwa ndani ya ghala! Wazazi wengine mpaka leo hawanisalimii vizuri.

Nikaenda Masasi kwa mzee Awadhi, yule mwenye studio anayenisafishia filamu, nikamlalamikia kwamba filamu za siku hizi zimeoza. Akaichukua konvata akaichungulia, akaniuliza, "Ulipoivaa hii uliongeza mwanga?" Nikasema hapana. Akacheka mpaka akakohoa. "Umelifunika jicho kaniki mbili, Marko, halafu unalaumu jua?" Ndipo akanieleza kwamba konvata inakula mwanga, inabakiza robo tu, na lenzi ndefu za kuvuta zenyewe ni za giza tangu mwanzo. Hata pete ya lenzi inakudanganya, namba unayoisoma siyo tena mwanga unaoingia. Na kama inavyoukuza uso, ndivyo inavyokuza kila mtetemeko wa mkono. Kwa hiyo inataka jua kali, kitu cha kuiegemeza, na subira. Na hata ukifanya yote hayo, bado picha inapoteza ukali kidogo. Haya nakuandikia uyashike, maana ndiyo yanayoninyima usingizi sasa.

Uliomba picha ya Mama. Ulisema umekaa huko miaka yote hiyo huna hata moja, na wenzako kazini wanazo za wazazi wao. Nilifurahi, halafu nikaingiwa na hofu. Unajua mwenyewe mambo yetu ya ukwe. Tangu nimwoe dada yako sijakaa baraza moja na Mama. Nikimwona anakuja njiani napinda kwenye mikorosho mpaka apite. Sauti yake naijua, kikohozi chake nakijua, lakini uso wake, shemeji, kwa haki nilikuwa siujui. Na mpiga picha wa mjini amemkataa, anasema hawezi kukaa mbele ya mwanamume asiyemjua aambiwe inua kidevu.

Shauri alilitoa Josephina. Alisema, si una hilo bomba lako la kuonea mbali? Kaa huko huko. Akaenda kumwuliza Mama, na Mama akakubali huku akicheka. Nilimsikia nikiwa nyuma ya ua: "Kama mkwe wangu anataka kunipiga picha akiwa Msumbiji, shauri yake. Mimi nachambua mbaazi zangu."

Basi Jumamosi moja saa nne za asubuhi, jua likiwa wazi, Mama akakaa mlangoni kwake na ungo. Mimi nilisimama mwisho wa shamba, kwenye mikorosho ya mpakani, nikageuza kinu chini juu na kuiegemeza lenzi juu yake. Mwanga niliuongeza kama nilivyoelekezwa. Nikavuta lenzi mpaka mwisho.

Christopher, sijui nikuelezeje. Mama alinijia usoni ghafla kama mtu amefungua mlango. Niliona nembo zake za usoni, zile walizochanjwa wasichana wa zamani, moja moja. Niliona kope zake. Nilishtuka nikataka kusema shikamoo, na yeye yuko mbali hata kuniita hawezi. Nikajiambia, Marko, hii ni kazi, mwenye mama ndiye aliyeomba. Nikapiga. Nikapiga ya pili. Alikuwa ametulia, amejifunga kanga juu sana, mpaka masikioni, na jua lote lile.

Halafu joto likamzidi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona hakuna mtu. Mimi nadhani kwa umbali ule hakunihesabu kuwa mtu. Akaishusha kanga ajifute jasho. Chini ya sikio la kushoto, kwenye taya, niliona uvimbe mkubwa kama bibo la korosho, na juu yake pamechubuka pana unyevu. Kidole changu kilikuwa tayari kimebonyeza. Alifuta taratibu, akikunja uso kwa maumivu, kisha akajifunga kanga upesi na kurudi kwenye mbaazi zake.

Niliitoa konvata. Nilirudi nyumbani nikamwambia Josephina kazi imekwisha, sikusema zaidi. Ningesemaje? Kwamba nilimtazama mama yake shingoni? Kuna watu wametengana na wake zao kwa mambo madogo kuliko hayo. Na Mama akijua kwamba mkwe amemwona bila kanga, aibu hiyo ataipeleka wapi?

Nikaanza kujitilia shaka. Huenda ni kivuli. Huenda ni pindo la kanga. Si Awadhi mwenyewe alisema konvata inapunguza ukali? Lakini jioni ile ile Josephina alilalamika, akasema Mama siku hizi hali ugali, anakunywa uji tu, akiulizwa anasema ni meno. Usiku niliomba nikisema, Bwana, kama ulinionyesha, nipe na ujasiri, na kama sikuona kitu, unisamehe macho yangu.

Niliipeleka filamu Masasi. Picha mbili za kwanza zimetoka vizuri kuliko nilivyotumaini. Ile ya tatu imetikisika. Panaonekana taya, na doa jeusi, basi. Mzee Awadhi aliiwekea kioo cha kukuzia, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Hili linaweza kuwa uvimbe, linaweza kuwa mkono wako. Siwezi kuapa, na wewe usiape." Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kitu kilichonileta karibu na Mama kiasi kile, kimeshindwa kunipa hakika. Na kwenda kumwangalia kwa macho yangu siwezi.

Nilipofika hapa kwenye barua niliiacha. Nilikusudia kukuomba wewe mwanawe umwandikie Mama, umwulize afya yake kama vile umewaza tu mwenyewe. Lakini nilipoisoma tena niliona nakuomba unisaidie kudanganya. Kwa hiyo jana baada ya ibada nilimkalisha dada yako nikamweleza yote, na picha ile iliyotikisika nikamwekea mapajani.

Aliigeuza picha ile huku na huku, nikadhani ndoa imekwisha. Kisha akasema, "Baba Oliva, umekaa na neno hili wiki ngapi?" Hakuuliza nilitazama nini. Aliuliza hilo tu. Akavaa kandambili akaenda kwa mama yake, na mimi nikamfuata hadi nyuma ya ua, nikasimama pale pale ninaposimama siku zote.

Mama alikana. "Meno. Nimekwambia meno."

"Mama, fungua kanga."

"Nani amekutuma?"

Josephina hakupindisha. Akamjibu, "Mume wangu amekuona."

Shemeji, nilisikia kuku wanaparura. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe nikasikia Mama anasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ameona." Halafu nikasikia dada yako analia, nikajua kanga imefunguliwa.

Si kivuli. Josephina anasema ni donge kubwa, gumu, na lina tundu linalotoa maji. Mama analo tangu kabla ya msimu wa palizi. Alikuwa anabandika majani na kuomba liondoke kabla hujaja likizo. Kwenda hospitali ya misheni amekubali, lakini kwa sharti moja. Anasema hawezi kulazwa kwa kupelekwa na mkwe. Wakitaka kumpasua nani atawajibu madaktari, mimi nisiyeweza hata kuingia alikolala? Anakutaka wewe, mwanawe wa kiume wa pekee, usimame hapo. Na anasema haoni haraka, atakusubiri hata Pasaka.

Mimi naiona haraka, Christopher. Kila asubuhi naisikiliza sauti yake ng'ambo ya ua nione kama imepungua. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma, na mvua zikishika unaijua barabara ya kusini, basi linaweza kulala Rufiji wiki nzima. Najua sasa hivi wageni ni wengi na tajiri wako hapendi ruhusa za ghafla. Mwambie ukweli. Kama ana mama atakuelewa.

Ndani ya bahasha nimeweka picha nzuri. Utaona Mama amependeza, ungo uko magotini. Lakini itazame kanga yake ilivyofungwa na jua lile, utaona anachokificha. Ile iliyotikisika nimeichoma, asije mtu akaiona.

Sasa nakuambia nililoamua, ulijue kabla hujafika. Nitakungoja mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha hujaja, nitampeleka mimi. Josephina atamshika mkono, mimi nitaikokota baiskeli aliyokalia, mgongo wangu ukiwa kwake, na kama daktari atauliza nani mwenye mgonjwa huyu, nitasema ni mimi. Watu wa Mnyambe watasema Marko amevunja ukwe. Na waseme. Dada yako ameridhia. Mama bado hajaambiwa, naogopa atakataa, ndiyo maana nakusihi uje wewe.

Msalimie sana Lois, mbusu mtoto. Josephina anakusalimu, anasema ulete nguo nzito ya Mama, wodini kuna baridi usiku. Mzee Awadhi naye anakusalimu ingawa hakujui. Mungu aliye macho kuliko sisi sote akufungulie njia, akulinde barabarani, na akukutanishe na Mama akiwa bado na nguvu za kukuita jina.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukutazamia kila basi linapopiga honi,

Marko (Baba Oliva)