Sungura Ambaye Minza Hakumla

Jumanne. Mvua imekatika saa nne asubuhi na jua limetoka bila joto. Niko peke yangu hapa Pasiansi tangu Minza, mke wangu, afariki. Mjukuu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, akasema, "Babu, andika chochote upunguze upweke." Leo ninacho cha kuandika, na sikipendi.

Asubuhi nilikwenda zahanati kwa kifua hiki changu. Wajawazito walikuwa kwenye mabenchi na muuguzi anawafundisha. Akasema moshi wa sigara, avute mama au avute baba humo ndani, unaweza kumfanya mtoto azaliwe mdogo, awe na kifua kibovu, hata pengine azaliwe na mdomo uliopasuka.

Nikasahau kifua.

Walipotawanyika nikamuuliza. Akanijibu kwa upole, "Babu, kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kusema kwa hakika kuwa ni sigara. Moshi unaongeza hatari." Nikamuuliza je, mama akila sungura? Akacheka kidogo, akasema: Sungura hana kosa lolote.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa karani kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Karani bila sigara alionekana nusu karani, nami sikutaka kuwa nusu. Tulikaa chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Viberiti niliviona ghali, kwa hiyo Minza ndiye aliyeniwashia sigara kwa kaa la jikoni. Aliivuta mara mbili tatu ili ishike, anakohoa, kisha ananiletea. Na mimba yake changa. Nilimwambia mwanamke aliyezoea moshi wa kuni hawezi kusumbuliwa na kijiti kama hiki. Nilijiona mjanja kweli.

Kabula akazaliwa, mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Mama yangu akaja, akamweka Minza chini: alikula sungura akiwa na mimba, hata mtoto akatoka na mdomo wa sungura? Minza akakataa. Akaulizwa tena, na tena. Mwishowe akainamisha kichwa, akasema labda alikula bila kujua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, navuta. Nilijua fika kwamba nyama ya sungura haijawahi kuingia kwetu. Nilinyamaza, maana lawama ikimtoka yeye ingetafuta mwingine.

Siku ya Uhuru mji mzima ulikuwa barabarani. Minza alijifungia ndani watu wasichungulie, akimnywesha mtoto maziwa kwa kijiko, tone kwa tone. Mimi nilikwenda ngomani.

Mdomo ulishonwa baadaye kwenye hospitali ya wamisheni. Kovu likabaki, na maneno ya mama yakabaki. Siku Kabula anaolewa, Minza alimpigia magoti mwanawe akamwomba msamaha kwa ajili ya sungura yule. Nilikuwapo. Nikatazama pembeni.

Mtu mzima ovyo, ndiye mimi.

Mchana huu nimempigia simu Kabula, anakaa Nyegezi. Nimemweleza yote, sigara na ukimya wangu. Nilitaka anitukane ili nipumue. Hakunitukana. Ameuliza kitu kimoja tu: "Baba, kwa hiyo mama amekufa akijua ni kosa lake?"

Nimesema ndiyo.

Kisha akasema Jumapili atakwenda Kisesa, kwenye kaburi la mama yake, akamwambie. Hakunikaribisha, wala hakunikataza.

Nyumba imekuwa kubwa mno tangu saa ile. Nimepika chai na sijainywa.

Nitakwenda. Hata asiponisemesha njia nzima, nitakwenda. Kabula amebeba vya kutosha. Maneno haya ni yangu kuyasema, na nimeyachelewesha zaidi ya miaka sitini.