Lenzi Uliyoniwekea Iquique

Oruro, 6 Oktoba

Dada yangu Zulma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Iquique, wewe na shemeji Rolando na mapacha, na kwamba lile bega lako limepata nafuu kwa joto la pwani. Sisi hapa tunapumua. Mama miguu bado inamsumbua asubuhi, lakini akishachangamka hakamatiki. Jana kapanda hadi sokoni na kurudi kwa miguu, na nilipotaka kumshika mkono akaniuliza kama ameniomba. Baridi imepungua. Sasa ni zamu ya upepo wa vumbi, na nguo tukizianika zinarudi ndani chafu kuliko zilivyotoka.

Utashangaa Doña Bertha kukuletea barua wakati simu ninayo. Nikipiga simu, mama huja kuniegemea begani ili naye akusikie, na haya ya leo siwezi kuyasema akiwa hapo. Isome ukiwa peke yako. Nyama kavu na jibini alivyobeba Doña Bertha ni kutoka kwa mama, na amesema usiwape majirani.

Umeniuliza mara tatu kuhusu ile lenzi ya kamera. Umesema mwenye duka ameiweka kando kwa jina lako hadi mwisho wa mwezi, kwamba huko haina ushuru, kwamba wewe na shemeji mmekubaliana iwe zawadi yangu ya Kanivali ijayo, na kwamba unachotaka kwangu ni neno moja tu, inafaa au haifai. Kila mara nimekujibu kwamba nafikiri. Najua umechoka na kufikiri kwangu.

Kwanza nilimwuliza Don Hilarión, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi ya kupiga picha. Alinicheka mpaka akakohoa. Alisema lenzi moja ya kuona karibu na mbali ni lenzi ya mvivu, inafanya kila kitu na hakuna inachokijua, na akataka kujua tangu lini nimekuwa mtalii. Aliyenitetea ni Maritza, yule anayepiga picha za mahafali, maana yeye anayo ya aina hiyo hiyo. Alimwambia, "Mzee, wewe wateja wako wanakaa kwenye kiti, na kiti hakikimbii. Sisi wetu wanakimbia." Don Hilarión akanuna, akaenda kufuta vumbi kwenye pazia lake lenye picha ya maporomoko ya maji. Maritza akaniazima yake kwa siku moja.

Nilikwenda nayo Jumamosi kwenye harusi moja kule Vinto. Nitakwambia kama fundi. Nje juani ni nzuri sana. Nilisimama mahali pamoja, nikampata bibi harusi alipokuwa mbele ya pua yangu, nikazungusha pete kidogo tu, nikampata baba yake meza ya mwisho kabisa, anajifuta macho kwa kitambaa cha meza akidhani hakuna anayemwona. Siku nzima sikufungua kamera kubadilisha lenzi hata mara moja. Ndani ya kanisa ndipo iliponiangusha. Inataka mwanga mwingi, na bila mwanga nyuso zinatoka za udongo. Ukiivuta mpaka mwisho, picha inalegea, kope za mtu huzioni tena. Ni nzito pia, jioni shingo ilikuwa inauma. Lakini kwa mtu anayefanya kazi ya barabarani wakati wa Kanivali, huku watu wazima na akili zao wanarushiana maji na povu la makopo, lenzi usiyohitaji kuibadilisha ni baraka. Hilo sibishani nalo.

Kesho yake, kabla sijairudisha, mama alinikuta uani naijaribu akaomba kuchungulia. Alizungusha pete mwenyewe, nyumba za kilimani zikamjia, akashtuka, kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia muda mrefu. Baadaye akaniuliza picha ya mdogo wetu Limbert niliipiga na lenzi ipi. Nikasema ile ndefu, ya kuona mbali. Akasema ilifanya kazi nzuri hata hivyo, akaingia ndani, nikamsikia anafuta kioo cha ile fremu.

Jana sokoni alikuwa anatafuta zile sura ndogo za plasta za kubandika kwenye mkate wa marehemu. Novemba hii, Siku ya Wafu, ni meza ya tatu ya kumkaribisha Limbert, ya mwisho, tukishaiondoa tumemuaga. Alipita kwa wauzaji wanne, akizigeuza sura moja moja. Hakuna hata moja yenye pua ya mwanangu, aliniambia. Akanunua iliyokaribia, akasema haidhuru, kwa kuwa picha itakuwepo mezani. Ameniomba niikuze, iwe kubwa kama dirisha.

Dada, mtu aliye kwenye picha ile si Limbert.

Simjui ni nani. Walikuwa wachezaji kumi na wanane waliovaa kama mashetani katika safu yao ya ngoma ya Kanivali, barakoa za pembe zile zile, joho jekundu lile lile. Wewe unakumbuka hali tuliyokuwa nayo. Mwamba ulimwangukia mgodini wiki saba baada ya Kanivali, sanduku likaletwa limepigiliwa misumari, wewe ulifika siku ya pili, na hakuna kati yetu aliyeuona uso wake. Simu yake ilibaki huko chini. Za utotoni zipo, ila mama alitaka ya Limbert mtu mzima, yule tuliyemzika, na mimi, niliyepiga picha watoto wa Oruro nzima, sikuwahi kumkalisha mdogo wangu mahali nikampiga picha. Mama alijua nilikuwa njiani na kamera siku ile ya Kanivali. Aliniuliza kama nilimpata. Nikasema nilimpata. Usiku huo nilipitia picha elfu mbili, nikachagua shetani mmoja mwenye kimo chake, nikamchapisha. Huu mwaka wa tatu mama anamwambia asubuhi njema kila siku. Juzi alisema barakoa ilimfanya aonekane mrefu kidogo.

Mwaka ule ulikuwa wa kumaliza nadhiri yake ya kumchezea Bikira Maria wa Socavón, na mama hakuweza kusimama njiani kwa ajili ya miguu. Kwa hiyo Limbert alipanga nami kwamba akifika kona ya duka la mikate ataiinua barakoa mara moja, ingawa ni marufuku kabla ya mlango wa kanisa, ili nimpelekee mama uso wake. Alifika. Aliiinua. Nywele zilikuwa zimeshikana kwa jasho, anacheka, ananiambia, "Haya kaka, upesi, nisije nikapigwa faini." Alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, na mimi nilikuwa na lenzi ndefu, kwa sababu nilikuwa nampiga picha kwa mbali msichana mmoja mchezaji ambaye baba yake alinilipa mapema. Nikaitoa ili niweke fupi. Povu likaingia ndani ya kamera iliyo wazi. Nikamwambia asubiri, nikainama kufuta. Alisubiri, dada. Safu ilimpita na bado alisubiri, mpaka filimbi ikapigwa. Akasema basi, nitampiga picha mlangoni pa kanisa, akashusha barakoa akakimbia kuwafuata wenzake.

Kwa miaka miwili na nusu nimejiambia kwamba ni lenzi. Ndiyo maana ulinisikia kila ukipiga simu nalalamikia lenzi zangu, na wewe kwa moyo wako ukaenda kunitafutia nyingine. Ningekuwa na hiyo siku ile, ningezungusha pete tu. Ni kweli. Ila mlangoni pa kanisa alivua barakoa akaingia kwa magoti pamoja na wote, uso wazi, na kamera yangu ilikuwa imeshakauka, na lenzi fupi ilikuwa imekaa mahali pake. Mimi sikuwepo. Baba wa yule msichana alitaka picha ya ukoo mzima, akaongeza malipo, nikabaki naye. Nilijisemea Limbert nitamwona nyumbani kila siku.

Kwa hiyo mwambie mwenye duka aiuze. Si mbaya, na Kanivali ijayo nitaijutia mara kumi. Lakini nimekuwa nikiitaka kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo haipo dukani. Kila nitakapoishika nitakuwa naendelea kuisingizia ile ya zamani.

Badala yake nakuomba kitu kingine. Ulinieleza wakati fulani kwamba Limbert alipokuja kwenu ulimpiga picha kwa simu akila samaki, mdomo umejaa, picha imetikisika, ukasema ni ya aibu na hutamwonyesha mtu. Nitumie. Nitaichapisha mwenyewe. Mama nitamwambia kabla hatujakanda unga wa mikate, nitamwambia yote, hata la yule baba wa msichana, na atakaloniambia nitalipokea. Simtaki mtoto wa watu akae tena kwenye meza ya Limbert.

Msalimie sana shemeji, umwambie zawadi yake nimeipokea moyoni. Wabusu mapacha. Mama anakuombea kila siku, na ukipiga simu Jumapili usimwonyeshe kwamba unajua lolote.

Na ile picha usiisafishe wala kuikata. Iache na mdomo wake uliojaa.

Ni mimi mdogo wako,
Grover