Kandambili za Mlangoni kwa Neijon

Majuro, Jumanne

Dada Lorna,

Sisi wazima, ila joto la hapa kisiwani halina adabu. Pua ya mume wangu Dale inabambuka ngozi kwa jua, na watoto wanamcheka. Jelton ameshajua kusema "theluji." Mdogo wake, Kiona, hali kitu ila shelisheli la kuchoma, huko nyumbani sijui nitampa nini.

Jana hakimu alitia saini. Watoto ni wetu.

Leo tulikwenda kuwachukua kwa bibi yao, Neijon, aliyewalea. "We mwanamke, ulivyo mwembamba hivyo, utawabeba wote wawili?" akanitania kupitia mkalimani. Tukacheka. Nikainama kuokota kandambili zao mlangoni nizitie kwenye begi, akanipiga kofi mkononi.

"Ziache! Wakija likizo watavaa nini? Mtawaleta lini, mwezi wa sita?"

Hapa, Dada, ukimpa mtu mwanao hujampoteza. Umejiongezea ndugu, na mtoto ana kwao kuwili. Neijon anaamini karatasi aliyoitia dole gumba inasema hivyo. Haisemi hivyo. Nilimtazama Dale, ambaye ameshaapa kwamba huku harudi tena. Akatazama chini. Mkalimani naye akageukia zipu ya begi.

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Mwezi wa sita."

Akanikumbatia, akaniita "mwanangu."

Tunaruka kesho asubuhi, ndiyo maana nakutumia hii kwa simu. Watandikie vitanda, na ukija kutupokea usiniulize kitu mbele ya watoto.

Kandambili niliziacha.

Mdogo wako,
Gretchen