Sauti ya Nkambo Léonard

Lubumbashi, Jumatano

Kwako Yaya Paulin, kaka yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kasenga, wewe, wifi na watoto, na kwamba samaki wa Luapula bado wanawakubali. Sisi tunapumua, namshukuru Mungu. Nimempa barua dereva wa lori la samaki kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya masikio yako peke yako. Isome ukiwa umekaa.

Unajua kwamba tangu mwaka jana naimba na akina Guelor. Nilikuambia ni muziki wa gitaa, nikakuacha uwaze rumba, nisamehe. Ni death metal, tena ya kizamani, kama walivyoipiga watu kabla hatujazaliwa: gitaa zito, ngoma zinazokimbia, wote chumba kimoja, na mtu akikosea mnaanza upya. Albamu yetu ina nyimbo nane kuhusu watu wanaoshuka mgodini. Guelor hunitania kwamba Jumapili naimba alto kwenye kwaya ya parokia na Jumatatu naimba kama lori bovu. Maana siimbi kwa sauti ya msichana, nanguruma kutoka tumboni. Sauti hiyo niliitoa kwenye kifua cha babu yetu, nkambo Léonard, alivyokuwa akiongea mwaka wake wa mwisho, baada ya miaka thelathini chini ya ardhi. Unaikumbuka.

Mazoezi nilifanya kila siku saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma alichofia, mlango nimefunga, mkewe nkambo Jeanne amelala. Nilidhani ukuta wa matofali unatosha. Haukutosha. Mama Wivine, jirani yetu, alisikia mzee ananguruma ndani ya nyumba isiyo na mwanaume. Akaja na wenzake wa kundi la maombi, wakamuuliza nkambo Jeanne anaishi na nani. Mtu mwingine angekana. Yeye akawajibu kwa utulivu, "Ni bwana yangu. Anarudiaka kila siku."

Toka hapo wanamwita ndoki, mchawi. Watoto hawaji tena kununua makala ya kupikia kwake, na kwenye bomba la maji wanawake wanarudi nyuma akifika. Jumamosi hii watakuja kumchukua, wamfungishe siku tatu bila chakula wala maji mpaka roho hiyo itoke. Nkambo ana miaka sabini na nane. Mwaka jana walimfungisha hivyo bibi mmoja wa barabara ya pili. Alirudishwa amebebwa, na wiki haikwisha tukamzika. Naogopa, yaya.

Utaniuliza kwa nini sifungui mdomo nikasema ni mimi. Nikisema, ndoki nitakuwa mimi, msichana mwenye sauti ya marehemu, na nani atakubali kusikiliza kaseti ya albamu yetu? Hilo nimejiambia kila siku. Lakini sababu ya kweli ni nyingine, na sijamwambia mtu.

Siku moja, katikati ya mazoezi, nilisikia vidole vyake mlangoni. Akauliza taratibu, "Léonard, ni weye?" Nilipaswa kufungua. Nikashikwa na woga, nikaushikilia mlango. Akauliza tena, na safari hii alikuwa analia. Nikamjibu. Kwa sauti ileile nikasema, "Jeanne, ni miye." Akakaa chini mlangoni, akanisimulia habari za nyumba, bei ya unga, na wewe ulivyokonda, na mimi nikawa naitikia. Kesho yake nikarudia. Yaya, albamu tulimaliza kuirekodi wiki tatu zilizopita. Mazoezi sina tena. Naingia mle chumbani kwa ajili yake.

Sasa anakula vizuri. Jana amefua lile shati la bluu la nkambo Léonard na kulipiga pasi. Leo ameniomba niwe natoka nyumbani saa tisa, kwa sababu bwana yake anaona haya kuongea nikiwa karibu. Nikisema ukweli nitakuwa nimemzikia mume mara ya pili. Nikinyamaza, Jumamosi watamchukua.

Kwa hiyo Ijumaa, saa hiyohiyo, nitakaa mbele yake kwenye kigoda na kunguruma, aone mdomo wangu. Kisha nitakwenda kwa Mama Wivine nifanye vilevile, na wakitaka wanichukue mimi. Panda lori hilohilo likirudi, uwe hapa siku hiyo. Kundi la maombi naliogopa, lakini uso wa nkambo Jeanne nauogopa zaidi, na sitaki kuutazama peke yangu.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Nkambo Jeanne yuko hapa pembeni yangu anachagua maharage, na anakusalimu sana. Amesisitiza niandike kwamba nkambo Léonard naye anakusalimu, na anauliza utakuja lini. Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Plamedie